Wino Mwekundu Juu ya Meza ya Nkoma

Katika ajira yangu ya kwanza nilisifiwa hadharani mara moja tu, na sifa ile inanikera mpaka leo kuliko karipio lolote nililowahi kupewa. Meneja wa kinu cha kuchambulia pamba, pale Bariadi, aliwakusanya wafanyakazi wote uwanjani asubuhi, akaniita mbele, akasema, "Mtaalamu wetu huyu ametupunguzia hatua nzima ya kazi kwa kalamu moja." Watu wakapiga makofi. Nami, Mungu anisamehe, niliinamisha kichwa kama bibi harusi. Sikuuliza ni hatua ipi.

Hatua hiyo ilikuwa meza. Ilikuwa meza ya mninga, ndefu kuliko kitanda cha watu wawili, iliyolainishwa na viganja vya wanawake mpaka ikang'aa, na ilikuwa imesimama katika kituo cha kununulia pamba cha Nkoma tangu kabla sijazaliwa. Kiongozi wa wanawake hao alikuwa mama yangu.

Nitaeleza kwa utaratibu, kwa sababu hasira isiyo na utaratibu haimsaidii aliyedhulumiwa, na humfurahisha aliyedhulumu.

Nilirudi kutoka chuoni wakati soko la pamba lilipokuwa limefunguliwa karibuni. Zamani mnunuzi alikuwa mmoja tu, chama cha ushirika. Sasa kampuni za kila namna zilikuwa zikikimbizana na malori vijijini kama watu wanaogombea ng'ombe wa mahari. Mimi nilirudi na daftari. Mwalimu wetu mmoja, aliyekuwa amesoma Japani, alitufundisha jinsi viwanda vya magari vya huko vinavyoboresha kazi kidogo kidogo kila siku: ondoa hatua isiyomfaa mtu, kila kifaa kipe mahali pake, usiulize habari za kazi ukiwa ofisini, nenda ukasimame pale inapofanyika, na kitu kikiharibika, uliza kwa nini, kisha uliulize jibu lenyewe kwa nini, mpaka mara tano, ufike kwenye mzizi. Niliyaamini mafundisho hayo kama nilivyoiamini katekisimu. Yalisema kwamba mwenye spana mkononi anaijua kazi kuliko mwenye faili mkononi. Kwangu mimi, mtoto wa mkulima wa pamba, hayo hayakuwa maarifa ya kiwanda tu, yalikuwa haki.

Nilianza na spana. Fundi mkuu wa kinu, mtu mwenye sauti ya kushindana na mashine, alikuwa akipoteza nusu ya asubuhi akitafuta vifaa vyake chini ya mikanda na ndani ya magunia. Nilipaka ubao rangi nyeupe, nikachora juu yake umbo la kila kifaa, nikapigilia misumari ya kuvitundika.

"Binti," alisema akiutazama ubao, "umezipima spana zangu kama maiti zinazosubiri majeneza."

"Ni ili ujue ipi haipo, baba."

"Isiyopo naijua. Iko chini ya kiti cha dereva wa lori, na dereva naye anaijua."

Wafanyakazi walicheka mpaka wakashikana mabega. Lakini kabla mwezi haujaisha, fundi yuleyule alikuwa akimfokea kila aliyetundika kifaa juu ya umbo lisilo lake. Baada ya ubao nilikwenda ghalani. Niliweka kanuni: kitu kisichotumika kifungwe kitambaa chekundu, na kama hakuna atakayekidai, kiondolewe. Magurudumu yaliyovunjika, mapipa matupu, vikapu visivyo na matako, vyote vilivaa vitambaa vyangu na kuondoka. Uwanja ukapata nafasi. Mashine zikasimama mara chache. Nilikuwa na furaha ambayo sasa naiona kuwa ya hatari, furaha ya mtu anayeona dawa yake inaponya kila ugonjwa.

Ndipo meneja akanituma vituoni. "Malori yanachelewa Nkoma," alisema. "Nenda ukaangalie kwa nini."

Nilikwenda kwetu kama mgeni, daftari kwapani. Nilisimama kituoni siku tatu. Mikokoteni ilikuwa imepanga foleni, ng'ombe wamefunguliwa nira, wenye pamba wamelala juu ya magunia yao. Mbele ya mizani ilikaa ile meza. Kila gunia lilifunguliwa, pamba ikamwagwa, na wanawake sita wakaitenga: safi huku, fifi kule. Fifi ni pamba iliyotiwa madoa na mdudu kangambili, au iliyokaa shambani mpaka ikageuka rangi. Iliyolowa hairuhusiwi kupanda mezani kabisa.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia mama kwa Kisukuma cha nyumbani.

"Mwangaluka. Sogea, unaniziba mwanga."

Mbele yake alikuwa jirani yetu mmoja, mwanamume wa maneno mengi, na gunia lake lilikuwa limejaa kuliko kawaida. Mama aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akaunusa.

"Shemeji, pamba yako imeoga?"

"Ni umande, mayu."

"Umande wa saa nane mchana?"

Foleni nzima ililipuka kwa kicheko. Jirani akageuka huku na huku akitafuta mtu wa kumtetea. "Meza hii imekuwa mahakama," alinung'unika.

"Mahakamani ungeleta wakili. Hapa leta jua. Ianike, urudi keshokutwa."

Akaipakia pamba yake, akarudi nayo, na keshokutwa akaja nayo ikiwa kavu. Mama aliipitisha.

Jioni ya siku ya tatu nilichora safari ya pamba tangu shambani mpaka kwenye lori, na kila mahali inaposimama nikaweka alama. Mahali iliposimama kwa muda mrefu kuliko pote palikuwa mezani. Nikachukua kalamu ya wino mwekundu, nikaandika pembeni: "Hapa mzigo unasubiri." Ilikuwa kweli. Huo ulikuwa ukurasa wa kwanza. Katika ukurasa wa pili na wa tatu niliandika sababu na tiba.

Sababu ilikuwa kwamba nyumba nyingi huchuma pamba yote pamoja, kisha huiachia meza kazi ya kuitenga. Tiba nilikuwa nimeifahamu tangu utotoni. Mama yangu huchuma akiwa na vitambaa viwili kiunoni: cheupe mbele, cheusi nyuma. Pamba safi huingia mbele. Fifi hurushwa nyuma bila hata kugeuza shingo. Nilipokuwa na miaka saba nilitembea naye katikati ya matuta nikiwa na vitambaa vyangu vidogo, na kila nilipoweka yenye doa mbele, nilipigwa kofi jepesi kwenye kifundo cha mkono. Hakunieleza. Mkono ulijifunza wenyewe. Miaka mingi baadaye nilikaa darasani nikiandika kwa bidii kwamba ubora hutengenezwa kazi inapoanzia, haukaguliwi mwishoni, na sikutambua kwamba somo hilo nilikwisha kulipata shambani Nkoma, tena kwa makofi.

Kwa hiyo nilipendekeza kampuni igawe vitambaa viwili kwa kila nyumba, na wanawake wa meza walipwe wapite mashambani wakati wa kuchuma wakafundishe. Meza ingebaki, kwa kuwa ni jicho la kituo, lakini foleni ingefupika mwaka hadi mwaka. Nilijivunia kurasa zile. Nilidhani nimempa mama yangu heshima anayostahili.

Hiyo ndiyo ripoti iliyoniletea makofi. Mchana wa siku ileile lori liliingia uwanjani likiwa limebeba meza, miguu ikitazama juu kama mnyama aliyekwisha kuchinjwa. Nilikimbilia ofisini.

"Ukurasa wa pili je?" niliuliza. Sikukumbuka hata kubisha hodi.

"Mtaalamu, wa kwanza ulitosha." Meneja hakuwa mkali, alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio unaonitia uchungu. "Wenzetu wananunua bila kuchagua. Mkulima akisimamishwa kwetu siku nzima, anageuza ng'ombe wake anakwenda kwa jirani. Soko ni huria sasa."

"Na pamba iliyolowa?"

"Jua la Bariadi ni la bure. Itakauka."

Niliagwa kwa tabasamu. Nilikuwa nimefundishwa kuuliza kwa nini mara tano, na siku ile uwanjani sikuwa nimeuliza hata mara moja.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa akipepeta mtama, na hakuacha.

"Wanasema ni wewe uliyeandika."

"Niliandika kurasa tatu, mayu."

"Wamesoma ngapi?"

"Moja."

"Basi uliandika moja."

Aliongea na ungo wake.

Msimu ule sitausahau. Habari ya kwamba Nkoma hakuna meza ilienea haraka kuliko habari ya msiba. Magunia yalianza kuja yakiwa na maji, kisha mchanga, kisha mawe ya ukubwa wa ngumi. Jirani yetu wa umande alikuja na gunia linalochuruzika, na karani wa mizani akampokea: "Karibu, mzee wangu, pitisha." Siku hiyohiyo, nami nikiwa nimesimama hapo na daftari langu, mama alileta pamba yake katika mafungu mawili, kama alivyozoea, safi peke yake na fifi peke yake. Karani alinyanyua yote mawili, akayamwaga katika rundo moja.

"Umefanya nini?" mama aliuliza.

"Mama, siku hizi pamba ni pamba. Unajisumbua bure."

Mama alikiokota kitambaa cheusi kilichoanguka chini, akakikung'uta, akakikunja mara nne, akakiweka ndani ya kikapu. Nimewahi kuwaona watu wakifukuzwa kazi, na nimewahi kuwaona wakitukanwa. Sijawahi kuona dharau iliyotimia kama ile. Mwanamke aliyeifanya kazi yake vizuri maisha yake yote aliambiwa mbele ya watu kwamba uzuri ule ulikuwa usumbufu. Na aliyetayarisha njia ya maneno hayo nilikuwa mimi.

Msomaji asiyetoka kwetu huenda hajui jambo moja ambalo kila mtoto wa pamba analijua. Kinu hutenga nyuzi na mbegu. Nyuzi hufungwa marobota na kwenda ng'ambo, lakini mbegu hurudi. Mbegu inayopandwa Nkoma mwakani ndiyo iliyotoka ndani ya pamba ya Nkoma mwaka huu. Pamba iliyolowa ikirundikwa ghalani huchemka yenyewe, na mbegu iliyo ndani yake hufa.

Fundi ndiye aliyeniita. Aliingiza mkono katika rundo, akautoa ukiwa unafuka mvuke. "Njoo uguse, binti. Huu ni uji." Kisha, bila mzaha hata kidogo: "Nyuzi zitakwenda kuaibika mbali, hatutaziona. Mbegu zinarudi kwa mama yako."

Nilimwandikia meneja barua. Nikaandika nyingine. Sikujibiwa. Mbegu zilipakiwa kwenye magunia, zikagawiwa vijijini, na mvua za kwanza ziliponyesha zikafukiwa ardhini na watu ambao hawakuwa na mbegu nyingine.

Nilichukua ruhusa, nikaenda Nkoma. Shamba la mama, ambalo majirani walikuwa wakisema limepangwa kwa kamba, lilikuwa na mapengo kama kinywa cha mtu aliyepigwa. Mche mmoja hapa, kisha hatua nne za udongo mtupu, kisha miwili. Mama alikuwa amepiga magoti, akifukua mashimo ambamo hakikuota kitu. Nilipiga magoti kando yake. Sikujua nianze na neno gani, nikaanza na yale maswali matano ya chuoni, ambayo mama aliwahi kunisikia nikiyasimulia.

"Kwa nini hazikuota, mayu?"

"Zimeoza. Tazama." Aliiminya moja kwa ukucha, ikatoa maji.

"Kwa nini zimeoza?"

"Zilichemka ndani ya pamba mbichi."

"Kwa nini pamba mbichi ilipokelewa?"

"Nani aliingiza mkono guniani?"

"Kwa nini hakuna aliyeingiza mkono?"

"Meza haipo."

Swali la tano sikuliuliza. Mama alisogea kwenye shimo linalofuata. "Bado moja," alisema. "Hilo ulijibu mwenyewe."

Nilizijaza mfukoni mbegu zile zilizooza, nikarudi Bariadi nikiwa na matope magotini, nikazimwaga juu ya faili za meneja. Nilimwomba jambo moja: meza irudi Nkoma kabla ya msimu. Sikuomba vitambaa, wala mafunzo, wala nyongeza ya cheo. Meza tu, na wanawake sita.

Alizitazama mbegu. "Ninasikitika kwa mama," alisema, na naamini alisikitika. "Lakini huo upotevu, mtaalamu, uko nje ya uzio wetu."

Nimeyatafakari maneno hayo kuliko somo lolote la chuoni. Hapo ndipo nilipoelewa kile tulichokuwa tumekifanya. Hatukupunguza upotevu hata chembe. Tuliubeba kutoka upande wa ndani wa uzio tukautupa upande wa nje, juu ya migongo ya watu wasioandikiwa ripoti, kisha tukapima ndani tu, tukajipongeza. Saa ambazo lori liliziokoa kule Nkoma zilikuwepo bado. Mama yangu alikuwa akizilipa kwa magoti, shimo baada ya shimo. Wanaoiita kazi ya namna hii maendeleo ni wezi wa lugha, na nilikuwa nimewapa lugha hiyo mimi mwenyewe, kwa mwandiko mzuri. Sikuyaacha mafundisho ya mwalimu wangu. Ninayaamini leo kuliko jana. Ninachokidai ni kwamba asiyetaka kuvuka uzio na kupiga magoti shambani asitamke neno kuboresha.

"Na kama unaipenda sana ile meza," meneja aliongeza nilipofika mlangoni, "ichukue. Ina kitambaa chekundu. Si kanuni yako hiyo? Kesho ilikuwa inakwenda jikoni iwe kuni."

Nilikwenda ghalani. Ilikuwa kweli. Mtunza ghala, mtu mwaminifu, alikuwa ameitii kanuni yangu neno kwa neno, akafunga kitambaa kwenye mguu wa meza kwa fundo la kupendeza.

Fundi alinisaidia kuifungua miguu ili iingie kwenye mkokoteni. Alichagua spana kutoka kwenye ubao, akalegeza bolti nne, kisha akairudisha spana juu ya umbo lake bila kukosea. "Maiti wako huyu wa mbao unampeleka wapi?" aliuliza.

"Nyumbani."

"Nisalimie mahakama," alisema, maana kisa cha umande nilikwisha kumsimulia.

Barua yangu ya kuacha kazi niliiacha juu ya faili za meneja. Niliiandika ukurasa mmoja tu, ili aisome yote.

Tuliisimamisha meza uani kwa mama. Aliizunguka, akaisugua kwa maji na majivu, akakikata kile kitambaa chekundu kwa kisu na kukitupa motoni. Kisha akaleta gunia la mbegu alilobakiwa nalo, la kujazia mapengo, akalimwaga lote juu ya mbao. "Kaa upande ule," aliniambia. Tukaanza kuzitenga moja moja. Iliyo hai huwa ngumu chini ya ukucha, iliyokufa hubonyea. Sikuwa mwepesi. Mara mbili niliitupa mbovu kwenye fungu la nzuri, na mara mbili nilipigwa kofi kwenye kifundo cha mkono, palepale pa zamani.

Jua lilikuwa bado juu tulipomsikia jirani yetu wa umande akibisha hodi. Alikuwa ameshika debe kifuani kwa mikono yote miwili, na safari hii hakuwa na maneno mengi.

"Umeleta nini, shemeji?" mama aliuliza bila kuinua macho.

"Mbegu. Zangu hazikuota, mayu. Nimesikia meza imerudi."

"Zina umande?"

Alitazama chini. Nilidhani ataondoka. Mama alimwacha asimame muda ambao mwenye gunia lililolowa alistahili kusimama, kisha akasogeza kigoda kwa mguu na kumsukumia fungu dogo la mbegu.

"Kaa. Nzuri mbele, mbovu nyuma."

Akakaa. Mbegu ya kwanza aliyoishika aliiweka mbele. Mama akampiga kofi kwenye kifundo cha mkono.